Pikipiki za umeme: tukope sasa au tusubiri?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha waendesha bodaboda hapa Kihonda, Morogoro. Tuko wanachama 18, wengi wetu tukiendesha pikipiki za watu kwa hesabu ya siku au kwa mkataba. Tunaomba mkopo wa halmashauri ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake ili tupate pikipiki zetu wenyewe. Baadhi yetu wanataka za umeme kwa sababu petroli inatumaliza. Wengine wanasema teknolojia hiyo bado changa, betri zitakufa au zitapitwa na wakati kabla hatujamaliza deni. Tununue sasa au tusubiri? Na mambo haya yanaelekea wapi?

Jibu:

Ndugu Katibu, pande zote mbili za kikundi chenu zina hoja ya kweli. Wanaotaka umeme wako sahihi kuhusu gharama ya mwendo, na wanaosita wako sahihi kuwa na hofu na betri. Kinachowagonganisha ni kuitazama pikipiki ya umeme kama kitu kimoja, ilhali ni vitu viwili vyenye umri tofauti: kuna pikipiki yenyewe, ambayo mota yake ikitunzwa inaweza kufanya kazi miaka mingi bila matengenezo makubwa, na kuna betri, ambayo huanza kuzeeka tangu siku inapotoka kiwandani. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu ya mkopo, jambo la kwanza la kukubaliana ni nani atakayelipia uzee wa betri. Nitalieleza kwa urefu, kwa sababu humohumo mna jibu la swali lako la pili, la mambo kuelekea wapi.

Nianze na gharama ya mwendo. Lita moja ya petroli hubeba nishati inayokaribia uniti 9 za umeme, uniti zilezile mnazonunua kwa LUKU. Injini ya pikipiki hugeuza robo ya nishati hiyo kuwa mwendo, na mara nyingi haifikii hata robo. Inayobaki hupotea kama joto kwenye silinda na kwenye bomba la moshi. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80. Ndiyo maana mwendo wa kilomita 100 ambao pikipiki ya petroli huumaliza kwa lita 2.5, yaani nishati ya uniti 22 hivi, pikipiki ya umeme iliyobeba abiria huumaliza kwa takriban uniti 4.

Tuchukulie kwamba mwanachama wenu anatembea kilomita 120 kwa siku. Kwa petroli atatumia lita 3, na tukikadiria lita moja kuwa shilingi 3,000 hiyo ni shilingi 9,000. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilika kila mwezi, kwa hiyo wekeni bei ya mwezi mtakaopiga hesabu. Kwa umeme atahitaji uniti 4.8 ndani ya betri, na kwa kuwa chaja nayo hupoteza kiasi, mita itasoma kama uniti 5.5. Kwa uniti ya takriban shilingi 350, gharama haifiki shilingi 2,000. Tofauti ni shilingi 7,000 kwa siku, kabla hatujagusa oili, plagi, klachi na kabureta, vitu ambavyo pikipiki ya umeme haina. Kwa mwendeshaji anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, fedha hiyo si ndogo hata kidogo.

Kuhusu milima, ambayo najua itaulizwa kwa kuwa Uluguru iko juu ya mji wenu, fizikia yake haitishi kama watu wanavyodhani. Pikipiki, dereva na abiria kwa pamoja hufikia kilo 260 hivi, na kuupandisha uzito huo mita 100 za kimo hula nishati inayolingana na kilomita mbili na ushei za barabara tambarare. Safari ya kupanda mita 500 inaweza kula asilimia 15 ya betri ya uniti 3, juu ya matumizi ya kawaida ya umbali wenyewe. Ni mzigo wa kuhesabu, lakini hauizuii pikipiki kufanya kazi. Kinachoumiza zaidi mlimani ni joto la mota na mkondo mkubwa unaotoka kwenye betri kwa muda mrefu, na hilo humgusa zaidi mwenye betri iliyochoka, kama nitakavyoonyesha.

Wauzaji wengi wakishafika kwenye zile shilingi 7,000 hufunga daftari, na hapo ndipo ninapowaomba mfungue la kwenu. Anayenunua pikipiki pamoja na betri yake amelipa mbele sehemu ya gharama za mwendo wa miaka kadhaa, na fedha hiyo huliwa kidogokidogo kila anapochaji. Umri wa betri huhesabiwa kwa mizunguko: kuijaza na kuimaliza mara moja ni mzunguko mmoja, na kuichaji nusu mara mbili ni mzunguko mmoja pia. Betri ya uniti 3 ikitoa uniti 4.8 kwa siku, inafanya mizunguko 1.6 kila siku. Sasa angalieni jinsi aina ya kemikali inavyoamua kila kitu. Betri za risasi na asidi, ambazo bado zinafungwa kwenye pikipiki na bajaji za bei nafuu, huvumilia mizunguko 300 hadi 500 zikimalizwa sana. Kwa kazi ya bodaboda hazitoboi mwaka mmoja na nusu, na nyingi hufa kabla ya mwaka. Betri za lithiamu zenye nikeli, manganizi na kobalti hufika mizunguko 1,000 hivi, ambayo kwa siku 26 za kazi kila mwezi ni miaka miwili. Betri za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo kwenye lebo huandikwa LFP au LiFePO4, hufanya mizunguko 2,000 na zaidi kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Hiyo ni miaka minne.

Hofu ya betri kufa kabla ya deni kwisha, basi, ni ya haki kabisa kwa aina ya kwanza, ina mashaka kwa aina ya pili, na kwa aina ya tatu inapungua sana iwapo deni lenu ni la miaka miwili. Tukichukulia betri mpya ya LFP inauzwa shilingi 1,800,000 na mkaigawanya kwa siku 1,250 za kazi, inawagharimu karibu shilingi 1,500 kwa siku. Kiondoeni kiasi hicho katika zile 7,000, mtabaki na 5,500. Hiyo ndiyo nafuu ya kweli mnayopaswa kuizungumza kikaoni, na bado ni kubwa. Mkinunua aina yenye kobalti kwa bei hiyohiyo, gharama ya betri inakaribia shilingi 2,900 kwa siku. Kwa jicho tu huwezi kuzitofautisha betri hizo mbili, kwa hiyo muulizeni muuzaji kemikali gani imo ndani, na jibu lake liandikwe kwenye ankara.

Namba hizo zote, hata hivyo, zinadhani kwamba seli zote ndani ya betri zinazeeka pamoja, na mara nyingi sivyo. Niliwahi kuletewa betri ya pikipiki ambayo mwendeshaji wake alilalamika kwamba kioo kinaonyesha asilimia 40, lakini akianza kupanda kilima na abiria pikipiki inajizima. Akishuka na kusubiri kidogo, inawaka tena. Aliyemuuzia alimwambia betri imekufa, anunue nyingine. Tuliifungua. Ndani mlikuwa na seli 24 za LFP zilizofungwa mfululizo, kila moja ikipaswa kuwa na volti 3.2 na ushei. Zikiwa zimepumzika, seli 23 zilisoma karibu sawasawa, na moja ilikuwa chini kidogo tu, tofauti ambayo mtu asiyejua angeipuuza. Tulipoiwekea betri mzigo unaofanana na wa mlimani, ile seli moja iliporomoka chini ya volti 2.5 kwa sekunde chache, na saketi inayolinda betri ikakata umeme wote, kama ilivyoundwa kufanya ili seli hiyo isiharibike kwa hatari. Betri ilikuwa na uhai mwingi bado. Iliyochoka ilikuwa seli moja kati ya 24. Kilichokuwa kigumu ni kuitoa, kwa sababu kiwanda kilizigandisha seli kwa gundi na kuzichomelea kwa namna ambayo fundi wa kawaida hawezi kuifungua bila kuharibu jirani zake.

Nimelileta tukio hilo kwa sababu linaamua fedha nyingi. Betri iliyofungwa kwa nati, yenye saketi ya ulinzi ambayo fundi anaweza kuisoma kwa simu au kompyuta na kuona volti ya kila seli, inaweza kurudishwa kazini kwa gharama ya seli moja na saa chache za fundi. Iliyogandishwa kwa gundi, na yenye saketi iliyofungwa kwa nywila ya muuzaji, inawalazimu kununua nzima. Waulizeni wauzaji jambo hilo kabla ya kuuliza kasi ya pikipiki.

Kuna matunzo mawili yanayoongeza umri wa betri za LFP ambayo watu wengi hawaambiwi. La kwanza ni joto. Betri inayorudi kazini saa nane mchana ikiwa imepigwa jua na imetoka kutoa mkondo mkubwa haipaswi kuchomekwa kwenye chaja papo hapo. Iwekwe kivulini nusu saa, kwa kuwa kuichaji ikiwa juu ya nyuzi 45 ndiyo njia ya haraka ya kuifupishia maisha. La pili ni kuijaza hadi mwisho angalau mara moja kwa wiki. Volti ya aina hii hubaki karibu palepale kuanzia ikiwa imejaa hadi inapokaribia kwisha, kwa hiyo kioo cha asilimia hukisia tu, na makisio yake hunyooshwa pale betri inapojaa kabisa. Saketi ya ulinzi nayo hutumia dakika hizo za mwisho za kuchaji kusawazisha seli. Jambo la tatu linahusu usalama wenu kuliko umri wa betri: msichaji ndani ya chumba cha kulala wala kwenye njia ya mlango, hata kama aina hii ni tulivu kuliko nyingine.

Sasa nirudi kwa nani alipie uzee wa betri, kwa sababu duniani kumejitokeza majibu mawili. La kwanza ni kuuza pikipiki bila betri na kumwacha mwendeshaji abadilishe betri kituoni kwa malipo. Taiwan walianza hivyo kwa upana mwaka 2015 kupitia kampuni ya Gogoro, na hapa kwetu Afrika Mashariki kampuni ya Ampersand imekuwa ikifanya kazi hiyo na waendesha pikipiki za abiria wa Kigali tangu mwaka 2019. Dereva anaingia na betri iliyokwisha, anatoka na iliyojaa kwa dakika chache, analipa kwa simu. La pili ni kumuuzia mwendeshaji pikipiki na betri anayoweza kuitoa na kuichaji nyumbani; Roam ya Nairobi ni mfano wa njia hiyo.

Kila njia ina mahali inapouma. Anayemiliki betri moja ya uniti 3 hatembei kilomita 120 bila kusimama, kwa sababu betri hiyo inaishia kilomita 75 hivi. Kwa chaja ya wati 800 atasubiri saa nne ijae, na saa nne za mchana kijiweni bila kazi zinakula nafuu yote niliyoihesabu. Anayetegemea kituo cha kubadilishia hana tatizo hilo, na uzee wa betri si wake, lakini analipa zaidi ya zile shilingi 2,000 za umeme, kwa haki, kwa sababu bei hiyo imebeba betri, kibanda, mlinzi na faida. Tatizo la kweli la kituo ni kwamba mwenye kituo akipandisha bei, au akifunga kituo cha Msamvu na kubakiza cha mbali, pikipiki yenu haiwezi kwenda kwa mwingine, kwa kuwa betri za kampuni moja haziingii kwenye pikipiki za nyingine. Kwenye petroli hamjawahi kuishi hivyo: kituo kimoja kikikosa mafuta mnakwenda cha pili. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika teknolojia hii kwa sasa, na natamani mamlaka zetu zilishughulikie mapema, kwa kuweka viwango vya pamoja vya ukubwa wa betri, plagi yake na lugha inayotumia kuzungumza na pikipiki, kabla kampuni moja haijashika mji mzima.

Kuna upande mwingine wa umiliki unaohitaji macho yenu. Betri za kisasa huwa na kadi ya simu na kifaa cha kuonyesha mahali zilipo. Mfumo huo ulizoeleka kwanza kwenye taa na paneli za jua za kulipia kidogokidogo: malipo yakichelewa, kifaa kinazimwa kutoka mbali. Kwenye taa ya nyumbani kuzimwa ni usumbufu. Kwenye bodaboda kuzimwa kunakata kipato kile ambacho kingelipa deni, na kukitokea barabarani usiku ni hatari kwa dereva na abiria. Kataeni mkataba unaoruhusu kuzima pikipiki ikiwa kwenye mwendo, na ombeni uandikwe muda wa notisi kabla ya kuzimwa. Vilevile, mahali anapokwenda dereva kila saa ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kujua nani anazikusanya, kwa sababu gani, na anampa nani. Muuzaji mwaminifu atakuwa na majibu hayo kwa maandishi.

Mambo yanaelekea wapi? Nitaanza na bei. Kwa mujibu wa takwimu za BloombergNEF, wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani mwaka 2010 ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa, ambayo ndiyo uniti yetu moja. Mwaka 2024 ulikuwa dola 115. Betri ndogo za pikipiki huuzwa juu ya wastani huo, na usafirishaji na kodi huongeza, lakini mwelekeo ni mmoja. Sehemu ya nafuu hiyo imetokana na LFP yenyewe, aina iliyogunduliwa katika maabara ya John Goodenough huko Texas na kuchapishwa mwaka 1997, ambayo haihitaji kobalti wala nikeli. Goodenough alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo, na mateso ya wachimbaji wadogo wa kule yamekuwa doa kwa betri za aina ile nyingine. Kwangu mimi hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua LFP, ijapokuwa sipendi kuona ndugu zetu wa Kolwezi, mji wa machimbo hayo, wakiachwa tu soko linapohamia kwingine.

Baada ya lithiamu inakuja sodiamu. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri zake za kwanza za sodiamu mwaka 2021, na viwanda kadhaa vinazizalisha. Ni nzito kuliko za lithiamu kwa nishati ileile, lakini malighafi yake imejaa baharini na kwenye chumvi, na kwa pikipiki ya mjini uzito wa kilo kadhaa za ziada unavumilika. Kuhusu betri za hali mango, yaani zisizo na kimiminika ndani, zinazotajwa sana kwenye habari za magari, ushauri wangu ni kwamba msiziingize kwenye hesabu yenu hata kidogo. Zitaanza kwenye magari ya gharama kubwa, na zitachukua miaka mingi kufika kijiweni.

Je, bei ikiwa inashuka, si heri kusubiri? Fanyeni hesabu hii. Nafuu ya shilingi 5,500 kwa siku 312 za kazi ni zaidi ya shilingi 1,700,000 kwa mwaka, karibu sawa na bei ya betri nzima. Hata betri zikishuka bei kwa asilimia 20 ndani ya mwaka huo, aliyesubiri ameokoa shilingi 360,000 na amechoma mafuta ya fedha nyingi zaidi. Kusubiri kuna maana pale tu ambapo kinachosubiriwa ni kituo, fundi au mkataba bora, na vitu hivyo haviletwi na kalenda. Huletwa na watu wanaovidai.

Wengine watauliza kama umeme wa nchi utatosha. Bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Pikipiki laki moja zinazotumia uniti 5.5 kwa siku zinahitaji uniti 550,000, kiasi ambacho mitambo hiyo yote ikifanya kazi huzalisha kwa dakika kama 16. Shida haiko bwawani. Iko kwenye transfoma ya mtaa wenu. Betri 20 zikichajiwa pamoja zinaweza kuvuta kilowati 16 hadi 20, na transfoma ndogo inayohudumia nyumba za mtaa, iliyokwisha elemewa na pasi na majiko ya saa mbili usiku, itazidiwa. Chajini baada ya saa nne usiku, na kama mnaanzisha kituo ombeni njia ya umeme wa fezi tatu tangu mwanzo. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi saa za usiku. Ni jambo la kuliombea na hapa.

Sera za majirani nazo zinaonyesha njia. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zitakazosajiliwa kubeba abiria Kigali ziwe za umeme. Ethiopia ilizuia mwaka 2024 kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Kwa maoni yangu, katika miji yetu yenye vituo, pikipiki mpya za petroli zitakuwa chache ndani ya miaka kumi, na vijijini zitadumu muda mrefu zaidi. Atakayeumia ni fundi wa gereji aliyeishi kwa kabureta na ringi za pistoni, asipofundishwa kazi nyingine. Morogoro mna chuo cha ualimu wa ufundi stadi. Kikundi chenu kingefanya jambo jema kumtafutia kijana mmoja mafunzo ya umeme wa betri, kwa kuwa hata betri zitakazoshuka hadi asilimia 80 zitakuwa na miaka ya kazi mbele yake kwenye taa na friji za paneli za jua, na zitahitaji mtu wa kuzipima na kuzipanga upya.

Nami kama mhandisi siwezi kuizungumzia Morogoro bila kutaja Mahenge, ambako kuna hazina kubwa ya kinywe, yaani grafiti. Kila uniti ya betri ya lithiamu hubeba karibu kilo moja ya madini hayo, LFP ikiwemo. Sehemu kubwa mno ya kinywe cha betri duniani husafishwa China, na mkoa wenu utafaidika kidogo sana ikiwa kitaondoka kikiwa unga kwenye magunia na kurudi kikiwa betri. Mkopo wenu hautalitatua hilo, lakini diwani na mbunge wanaokuja kuwaomba kura vijiweni wanaweza kuulizwa.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Msichukue mkopo wote kwa pikipiki za umeme, wala msiuchukue wote kwa za petroli. Anzeni na nne za umeme, zenye betri za LFP zinazofunguka kwa nati, kwa wanachama wanaofanya kazi ndani ya mji, kati ya Kihonda, Msamvu, Mazimbu na katikati. Wanaokwenda Mvomero au Mikese wabaki na petroli kwa sasa. Kwa pikipiki hizo nne nunueni betri sita, mbili zikae kwenye chaja kijiweni, ili asiwepo anayesubiri saa nne mchana. Hapo mtakuwa na kituo chenu kidogo mnachokimiliki wenyewe. Kila pikipiki iweke shilingi 1,500 kwa siku katika akaunti ya betri isiyoguswa kwa jambo lolote. Kwa nne, siku 26, ni shilingi 156,000 kwa mwezi, na zile betri mbili za ziada zitawaongezea miaka kwa kuwa mizunguko inagawanyika. Muda wa mkopo usizidi miaka miwili. Kama kampuni ya kubadilisha betri itafika kwenu na masharti ya haki, wanachama wengine waingie kwa njia hiyo, na baada ya mwaka mlinganishe madaftari.

Kabla ya hayo yote, kwa wiki mbili kila mwanachama aandike asubuhi na jioni namba ya kilomita kwenye pikipiki yake, lita alizoweka na abiria aliobeba. Kilomita zile 120 ni makadirio yangu, na zenu zinaweza kuwa 80 au 170. Hesabu nzima hugeuka kulingana na namba hiyo. Halafu mwombeni muuzaji pikipiki moja iliyojaa chaji, ipakie mtu mzima, ipande Bigwa na kurudi mjini, izunguke hadi iishe, na mwandike ilikwenda kilomita ngapi. Mkishapata namba hizo pamoja na rasimu ya mkataba, nitumieni, nami nitawapigia hesabu upya kabla hamjasaini.